Mshono wa Makalioni

Nguo aliyoshona mdogo wangu huzeeka kitambaa, mshono haufi. Nalisema hili mwanzoni kabisa, na atakayebisha aje na nguo mkononi tuivute wote wawili. Wateja walimwita Bi Pindo kwa sababu hata kitambaa cha kufutia vyombo alikikunja pindo mara mbili, na jina hilo likameza lile alilopewa na wazazi wetu.

Kazi alifundishwa na fundi wa sare za shule, mwanamke mkali aliyekuwa akishika suruali iliyokwisha kushonwa akaivuta huku na huku kama anayeikamua maji. Ikilia tu, unafumua yote unaanza upya. Watoto wa shule huteleza kwenye ngazi, huparamia kuta, hukaa popote, na suruali zao hupasukia pale pale pa kukalia. Kwa hiyo mdogo wangu aliushika ule mshono wa jinzi akaufanya wake. Kitambaa kimoja kinameza kingine, kinapigwa mistari miwili ya uzi, na yeye akaongeza wa tatu. Ukipitisha kidole kwa ndani unausikia umesimama kama kamba ya kuanikia.

"Aibu ya mtu iko makalioni," alikuwa akiwaambia wateja. "Mimi nafunga mlango."

Alifanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango ukitazama barabara. Cherehani ilikaa penye mwanga, meza ya kukatia katikati, na pembeni palikuwa na sanamu la mbao lisilo kichwa la kujaribishia nguo. Sisi tulilibatiza Shemeji. Mume wa mdogo wangu alikuwa amekwenda zake siku nyingi, na yeye akasema huyu wa mbao ni nafuu: hali, hanuni, na kila ukimtaka yupo amesimama.

Watoto wake wakubwa walitawanyika na maisha yao. Alibaki na wa mwisho, kitinda mimba, nasi tukamwita Kitinda hivyo hivyo. Mtoto wa mdomo mwepesi na miguu myepesi zaidi. Alikuwa bado shuleni pikipiki iliyokuwa ikimrudisha nyumbani ilipoteleza penye mchanga. Dereva aliinuka akajipangusa. Kitinda hakuinuka. Kutoka kiunoni kwenda chini mwili wake ukanyamaza. Umfinye, umchome, hana habari.

Miaka ya kulia nitairuka, kila nyumba ina yake. Kilichomtoa chumbani ni mpira wa kikapu. Kulikuwa na kocha mmoja, tulimwita Filimbi kwa sababu filimbi haikumtoka shingoni hata msibani, aliyekusanya wasichana wa viti vya magurudumu kwenye uwanja wa saruji nyuma ya chuo cha ufundi. Kitinda alikwenda kutazama tu. Alirudi viganja vimechubuka, anacheka, kicheko ambacho nilidhani tulikizika na miguu yake.

Jezi zao zilikuwa za dukani. Siku ya mechi ya kwanza Kitinda aliinama kuokota mpira, kaptura ikashuka nyuma, naye hana habari, maana huko hakusikii. Vijana waliokaa ukutani wakapiga mluzi. "Dada, duka liko wazi! Funga duka!" Akafikiri wanamshangilia, akawapungia mkono. Mwenzake ndiye aliyemnong'oneza.

Kitinda alifika nyumbani, akapita na kiti chake mpaka katikati ya chumba cha cherehani.

"Mama, hizi nguo ameshonewa mtu aliyesimama. Mimi nimekaa."

"Nitakuongezea lastiki."

"Si lastiki! Unampima Shemeji. Shemeji amewahi kukaa?"

Mdogo wangu alimtazama Shemeji, akamtazama mwanawe. Kisha akamgeuza Shemeji, akauelekeza ukutani uso wake usiokuwepo.

Akampima mwanawe akiwa kitini, jambo ambalo mimi sikuwahi kuona fundi akilifanya. Nyuma kaptura ikapanda juu mpaka mgongoni, mbele ikashuka, kwa sababu tumbo la aliyekaa hukunja kitambaa kikawa furushi. Mguu ukawa mrefu, maana goti likipinda nguo hupanda. Fulana haikuwa na mikono, na makwapa aliyachonga ndani ili mkono usukume gurudumu bila kusuguliwa. Aliweka kitambaa cha kuvutika cha rangi ya bluu iliyoiva. Alipofika makalioni, akashona pale mshono wake, na kwa sababu ni wa mwanawe akatumia uzi wa turubai.

Ilikuwa nguo nzuri. Siku ya kwanza kuivaa, Kitinda aliinama, akapinda, akazunguka uwanja mzima mgongo umefunikwa. Akawapitia wale vijana wa ukutani polepole kabisa. "Duka limefungwa, kaka zangu. Nendeni kwingine." Filimbi akaomba timu nzima ishonewe. Mdogo wangu akawapima wote mmoja mmoja wakiwa wamekaa, na kila kaptura akaivuta mbele yao kwa mikono miwili. "Hii? Itakuzika."

Nakumbuka alivyolisema neno hilo. Tulicheka.

Mtu asiyesikia makalio yake hufundishwa hospitali kujitazama kwa kioo kila siku, kioo cha mkono chenye mpini mrefu. Kitinda alikuwa nacho. Alijitazama akaona mstari mwekundu, umenyooka kama uliopigwa rula. Akauona kesho yake tena. Hakusema. Mashindano ya timu za miji mingine yalikuwa karibu, na alimjua mama yake. Angesema, kiti kingefungiwa chumbani. Akacheza. Akapanda basi, akakaa njia nzima na nguo hiyo, akacheza tena, wakarudi na kikombe. Tulijua kuna jambo kwa harufu. Mdogo wangu alidhani panya amekufia chini ya kabati, akahamisha kabati.

Hospitali tulikwenda watatu. Nesi alikuwa mwanamke wa makamo asiye na haraka. Alimlaza Kitinda kifudifudi, akafunua.

"Mama, huyu alikuwa akikalia nini? Kamba?"

Mdogo wangu alisogea. Katikati, pale kwenye mfupa, palikuwa tundu jeusi la kuingia kidole. Lakini kuanzia hapo kwenda chini, ngozi ilikuwa imechapwa alama, na alama ile ilikuwa na mistari mitatu. Nilimwona mdogo wangu midomo ikienda bila sauti. Mmoja. Miwili. Mitatu.

"Mama?" nesi akauliza.

"Ni wangu," akasema. "Huo ni mshono wangu."

Nesi hakumlaumu. Akamweleza kwa upole kwamba mimi na wewe tukikalia kitu kigumu tunajisogeza hata usingizini, bila kujua. Huyu haambiwi na mwili wake. Kitu kikimbana mahali pamoja damu haipiti, na nyama huanza kufa kutoka ndani. Ukiona juu, chini kumekwisha kuoza.

Alikuwa bado anaeleza mdogo wangu alipopiga kelele, "Wenzake!" akatoka mbio.

Nilimfuata. Mimi magoti yangu hayana urafiki na mimi, nilifika uwanjani yeye amekwisha kuingia katikati ya mchezo, kandambili moja mguuni na nyingine sijui wapi, viti vikimkwepa huku na huku.

"Vueni kaptura! Nawaambia vueni!"

Filimbi alipuliza filimbi mpaka mishipa ikamsimama. "Bi Pindo, mechi hii!"

"Mama, hapa hapa mbele za watu?" msichana mmoja akauliza, na wenzake wakaangua kicheko. "Si ndiye aliyesema anafunga mlango? Leo anafungua!"

Hakucheka. Alipiga magoti kwenye saruji mbele ya yule binti, akamshika mapaja. "Mwanangu, vua. Nakuomba. Nguo inakula mtu."

Kicheko kikakatika. Tuliwaingiza katika chumba cha vifaa vya michezo, tukawalaza kwenye magodoro ya mazoezi, tukawatazama. Wawili walikuwa na mstari. Mdogo wangu alizikusanya kaptura zote, akazifunga furushi, akalibeba mpaka nyumbani. Siku ile alizifumua kwa wembe moja baada ya nyingine. Mshono wake, kwa kuwa ni wake, haukutaka kufumuka. Alijikata vidole. Kisha akaifunika cherehani kwa shuka, akaweka kiti mlangoni kwa nje, maana yake fundi hayupo.

Kidonda kilikuwa kimefika mfupani. Daktari alituambia waziwazi, nami namshukuru kwa hilo. Binti alale kifudifudi miezi, asikae hata kidogo. Kikifunga vizuri, atakaa tena. Kikifunga kisha kikafunguka, kukaa kwake kutakuwa kwa kuibia, au kusiwepo. Na kila kinapofunguka kinaweza kumchukua mwenyewe. Kwa hiyo tulijua tunangoja nini. Kitinda hakuomba miguu, hakuomba kikombe. Aliomba kukaa.

Nani amewahi kufikiri kwamba kukaa ni kitu cha kuomba?

Alirudishwa nyumbani, tukamtandikia chumba cha mbele, kati ya Shemeji na cherehani, kwa sababu ndipo penye dirisha. Alilala pale na kidevu juu ya mikono, anatazama miguu ya watu barabarani. Homa ilipanda, ikashuka, ikapanda. Mdogo wangu alimgeuza, akamsafisha, akafua shuka, akarudia. Yeye mwenyewe alikauka. Ukimwekea chai inapoa, unaipasha, inapoa.

Siku moja nilisikia wakigombana.

"Ni mimi," mama akasema.

"Ni mimi. Niliuona nikanyamaza."

"Ulinyamaza kitu nilichokushonea mimi."

"Basi tugawane, mama, mbona unataka vyote? Hata kosa unataka kulipiga pindo mara mbili?"

Nilitoka nje nikacheka nikalia, sijui kipi kilitangulia.

Kisha Filimbi akaja kumjulia hali. Alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kuposa. Akasema timu imerudi kuvaa zile za dukani, na wale vijana wa ukutani wamerudi na kazi yao. Alipokwenda, Kitinda akamwita mama yake.

"Mama, wenzangu wanachekwa."

"Wachekwe. Kicheko hakitoboi."

"Kinatoboa. Wewe hukukalia kile kiti siku ile." Akavuta pumzi, maana kuongea kifudifudi kunachosha. "Na mimi siku nikiinuka hapa nitavaa nini? Shuka la hospitali?"

"Sishoni tena, Kitinda."

"Basi unanilaza hapa mpaka nife. Kama siku ya kukaa ipo, ishonee nguo. Kama hushoni, nitajua nesi amekwambia kitu ambacho hukuniambia."

Mdogo wangu alikwenda uani. Nilimkuta ameshika ubao wa kufulia, anautazama.

"Dada," akaniuliza, "tangu nimejua sindano, nimewahi kukalia mshono wangu?"

"Kila siku unavaa nguo."

"Navaa gauni. Nawashonea watu suruali miaka yote hii, nauvuta, naupiga pasi, nautazama. Sijaukalia." Akatikisa kichwa. "Kitanda usicholala hujui kunguni wake."

Hivyo ndivyo kazi ile ilivyoanza, na msinicheke. Alishona kaptura ya kipimo chake mwenyewe, akaweka ubao mtupu juu ya kigoda, akakaa. Akajikataza kujisogeza. Mguu ukimfa ganzi, anakaa. Mgongo ukimlilia, anakaa. Akishakaa mpaka jua limehama dirishani, ananiita chumba cha ndani, anajifunika uso kwa upande wa kanga, na mimi navaa miwani.

"Dada, nitazame."

"Umri huu tumefika hapa, mdogo wangu."

"Tazama, acha maneno. Unaona nini?"

"Naona uzee."

"Na kingine?"

"Mstari hapa, kwenye kifandugu. Na kitu cha pembe nne hapa."

"Hiyo ni lebo. Nitaitoa."

Akatoa lebo. Akatoa mifuko ya nyuma. Lastiki ikamwacha alama kama meno, akaitoa, akaweka ukanda mpana wa kitambaa laini. Alisogeza mshono upande mmoja, ukamchapa kwenye paja. Akausogeza mbele. Mteja aligonga mlango: "Bi Pindo yupo?" Kitinda akajibu kutoka kitandani kwake, "Yupo, anapikwa! Bado hajaiva!"

Mwishowe makalio yakawa kipande kimoja cha kitambaa, hakina mshono wowote, kimekatwa kama jani pana linalopanda mgongoni na kupinda kuja mapajani. Mishono yote ikakaa juu ya mapaja, mahali macho ya mwenye nguo yanapofika. Na hiyo nayo aliigeuza, ule upande wa uzi na ncha za kitambaa ukawa nje. Mjue maana yake kwa fundi kama yeye. Maisha yake yote alikuwa akificha ncha. Mwanamke wa duka la jirani alipita akaona. "Bi Pindo, siku hizi unavalisha watu nje ndani?" Akamjibu bila kuinua kichwa, "Ndiyo. Ndani kuna mtu."

Kidonda kikawa kinafunga. Polepole, kama mtu anayefunga mlango asitake kusikika, lakini kikafunga. Nesi alikuja nyumbani akakitazama, akasema tujaribu, muda mfupi tu. Mdogo wangu alimvisha mwanawe ile kaptura, rangi ile ile ya bluu. Tukaweka mto kitini, juu ya mto tukatandika kitambaa tukakinyoosha kwa viganja, tukamwinua.

Kitinda alikaa.

Alitazama chumba kwa macho ya aliyekaa. Akanyoosha mkono akamgusa Shemeji. "Kumbe wewe mfupi," akamwambia. Akaomba chai, akainywa akiwa amekaa. Mdogo wangu alisimama ukutani amejishika mdomo. Chai ilipokwisha nesi akasema basi, tukamlaza.

Tulimvua. Nesi alipitisha kidole taratibu, akabonyeza kila penye wekundu, akaachia, akangoja kuona damu inarudi. Ilirudi. Ngozi ilikuwa safi mahali pote kitambaa kilipopita, hakuna mstari, hakuna pembe, utafikiri hakuvaa kitu. Mdogo wangu aliinama mpaka pua inakaribia kugusa.

Kisha nesi akafika kwenye kovu. Kovu lilikuwa limepasuka katikati, kidogo sana, kama tundu la kifungo. Maji yakatoka.

"Si nguo, mama," nesi akasema. "Nguo haina kosa. Nyama yenyewe imechoka."

"Na kama angevaa hii tangu mwanzo?"

Nesi alivua glavu zake, akazikunja moja ndani ya nyingine, akachukua muda mrefu kuzikunja.

Kitinda alisikia. Hakugeuza kichwa. Alisema kwa dirisha, "Basi nilikunywa chai."

Sitasema tulivyokuwa baada ya hapo. Alipasuliwa mara mbili, homa ilimchukua mpaka mlangoni ikamrudisha. Hajakaa tena. Wanasema labda siku moja, na sisi tulikwisha kulijua neno labda lina uzito gani. Mdogo wangu hakuacha cherehani safari hii, ingawa nilidhani angeitupa barabarani. Aliwashonea wenzake wote, na kila kaptura ya kipimo kipya aliikalia kwanza yeye mwenyewe juu ya ubao, nami nikavaa miwani.

Filimbi na wanafunzi wa chuo cha ufundi waliunda kitanda chembamba chenye magurudumu ya baiskeli. Siku za mechi tunamlaza Kitinda kifudifudi, amevaa fulana yake na kaptura yake ya bluu, tunamsukuma mpaka pembeni ya uwanja. Huko anatukana. "We, unausukuma mpira kama unaubembeleza! Mpe mwenzio! Kocha, mtoe huyo, amekuja kupunga upepo!" Wale vijana wa ukutani siku hizi wanakaa mbali na kitanda kile, mdomo wake unafika.

Mdogo wangu hatazami mpira. Anatazama kaptura zinavyoinama na kupinda. Mchezo ukiisha anawaingiza wasichana katika kile chumba cha vifaa, amebeba kioo chenye mpini mrefu, kile kile. Wanamtania, "Mama Kioo amefika, tujipange!" lakini wanajipanga. Anawatazama mmoja mmoja, ananiita nithibitishe, kisha anatoka nje anapangusa mikono kwenye gauni.

Kitinda huwa anamngoja pale pale, kidevu juu ya mikono.

"Kuna mstari?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mwanangu."

"Haya. Waambie kesho mazoezi mapema," anasema, anafumba macho, na sisi tunashika kitanda, mmoja huku mmoja huku, tunamsukuma kumrudisha nyumbani.